Kamera Mbovu Kando ya Jengo la Dola Milioni 549

Kila mwaka Rais wa Marekani anapowasilisha bajeti yake mbele ya Kongresi, Idara ya Ulinzi huambatanisha nayo maelfu ya kurasa za maelezo, kasma kwa kasma, zikionyesha fedha zinazoombwa zitafanya kazi gani. Wengi wanaozipitia kurasa hizo hukimbilia ndege, nyambizi na makombora, kwa sababu huko ndiko ziliko fedha nyingi na picha za kuvutia. Mimi huishia kwenye kasma ndogo ndogo zisizo na picha. Mbili kati ya hizo zimenishughulisha kuliko nyingine zote: ile ya ulinzi wa maeneo na mali za jeshi, yaani uzio, malango, kamera, vihisi, vizuizi vya magari na walinzi wenyewe, na ile ya sayansi jinai ya nyuklia, yaani uwezo wa kuchukua kipande cha urani kilichokamatwa mpakani, au vumbi lililoachwa na mlipuko, na kutambua kilikotoka.

Kazi hizo mbili zinaonekana kuwa mbali sana, moja ikiwa ya askari anayesimama usiku kwenye baridi na nyingine ikiwa ya mkemia aliyevaa koti jeupe. Lakini zinahusu hofu moja. Ya kwanza ipo ili silaha au malighafi yake isiibiwe; ya pili ipo kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza itakuwa imeshindwa, mahali fulani duniani, na viongozi watakuwa wakiuliza kwa haraka mzigo huu ulikuwa wa nani. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuatilia jinsi zinavyopewa fedha, na nimeridhika kwamba udhaifu wake hautokani na uchache wa dola. Bajeti ya ulinzi ya nchi hiyo imevuka dola bilioni 800 kwa mwaka. Udhaifu unatokana na aina ya fedha zinazopendwa: Kongresi na wizara hutoa kwa moyo mkunjufu fedha za kujenga na kununua kitu kipya, na hutoa kwa kusitasita fedha za kukitengeneza kitu hicho kikiharibika na za kuwalipa watu wanaojua kukitumia.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo maofisa wa bajeti wa Pentagon, yaani makao makuu ya Idara ya Ulinzi, hulitaja kila siku, kwamba fedha zina rangi. Hawamaanishi noti. Wanamaanisha kwamba kila fungu lina kazi yake kisheria na muda wake wa kutumika, na ni kosa kulihamishia kwenye kazi nyingine bila idhini. Fedha za utafiti na majaribio hudumu miaka miwili. Za ununuzi hudumu mitatu. Za ujenzi wa kijeshi hudumu mitano. Za uendeshaji na matengenezo hudumu mwaka mmoja tu, kuanzia tarehe 1 Oktoba, siku ambayo mwaka wa fedha wa serikali kuu huanza. Sasa tazama kinachotokea kwa mkuu wa kambi anayetaka kulinda ghala moja la silaha. Kihisi kipya kinachotambua mtu anayetambaa kwenye nyasi hubuniwa kwa fedha za rangi ya kwanza, hununuliwa kwa fedha za rangi ya pili, kibanda cha lango na ukuta wake hujengwa kwa fedha za rangi ya tatu, na mtu atakayebadilisha betri, kusafisha lenzi na kuzima king'ora kilichoamshwa na sungura hulipwa kwa fedha za rangi ya nne, zile za mwaka mmoja, ambazo ndizo za kwanza kukatwa mambo yanapobana. Mshahara wa askari aliye zamu hutoka kwenye fungu jingine tena. Hakuna mahali hata pamoja kwenye vitabu hivyo ambapo ghala lile linaonekana likiwa kitu kimoja.

Ongeza hapo tabia ya Kongresi ya kuchelewa. Mara ya mwisho miswada yote ya matumizi kupitishwa kwa wakati ilikuwa kwa mwaka wa fedha wa 1997. Tangu hapo serikali huanza karibu kila mwaka wa fedha, yote au sehemu yake, kwa azimio la muda linaloruhusu matumizi kuendelea kwa kiwango cha mwaka uliotangulia na kukataza, isipokuwa kwa idhini maalumu, kuanzisha mradi mpya. Kwa mradi wa manowari ya kubeba ndege, miezi mitatu ya kusubiri ni usumbufu. Kwa kasma ya utafiti wa vifaa vya ulinzi, ambayo ni ya makumi ya mamilioni ya dola na ina msimu mmoja wa kufanyia majaribio, miezi hiyo mitatu inaweza kuwa ndiyo mwaka wenyewe.

Mfano ninaourudia kila mazungumzo haya yanapozuka ni wa Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Eneo la Y-12 lililoko huko haliendeshwi na Idara ya Ulinzi bali na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Nyuklia, NNSA, iliyo chini ya Idara ya Nishati. Lakini ndilo linalohifadhi urani iliyorutubishwa sana inayotumika kwenye silaha za jeshi na kwenye mitambo ya nyambizi. Ghala lake jipya, lililojengwa kama ngome yenye minara pembeni, liligharimu dola milioni 549. Alfajiri ya tarehe 28 Julai 2012, watu watatu walikata uzio mmoja baada ya mwingine hadi wakafika kwenye ukuta wa ghala hilo. Hawakuwa makomandoo. Mmoja wao, Megan Rice, alikuwa mtawa mwenye umri wa miaka 82, aliyetumia karibu miaka 40 ya maisha yake akifundisha Nigeria na Ghana. Wenzake, Michael Walli na Greg Boertje-Obed, walikuwa wanaharakati wa amani kama yeye. Walimwaga damu ya binadamu ukutani, wakaandika maneno ya Biblia, wakagongagonga ukuta kwa nyundo, wakakaa kusubiri kukamatwa.

Uchunguzi uliofuata ndio ulionivutia. Mkaguzi mkuu wa Idara ya Nishati alieleza kwamba kamera muhimu ilikuwa mbovu na ilikuwa imeachwa hivyo kwa muda mrefu, kwamba ving'ora vya uongo vilikuwa vingi kiasi kwamba walinzi walikuwa wameshavizoea, na kwamba waliosikia nyundo ndani ya jengo walidhani ni mafundi wa matengenezo. Fikiria hesabu hiyo kwa makini. Serikali ilikuwa imetoa zaidi ya nusu bilioni ya dola kwa ajili ya zege na chuma. Ilikuwa pia imenunua mfumo mpya wa kielektroniki wa ulinzi. Kilichokosekana ni kiasi kidogo cha fedha za mwaka mmoja za kurekebisha kamera, na msimamizi mwenye wajibu wa kuuliza kwa nini kamera hiyo haijarekebishwa. Mkandarasi aliyeendesha eneo na mkandarasi aliyelilinda walikuwa na mikataba tofauti, kwa hiyo aliyepaswa kutengeneza kifaa hakuwa chini ya yule aliyekitegemea kuona.

Watatu hao walifungwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilifuta hatia yao ya hujuma na wakaachiwa. Nasema wazi kwamba sikubaliani na wanaodai kuwa tukio hilo lilithibitisha ubovu wa walinzi wa Y-12 peke yao. Lilithibitisha kwamba bajeti yenyewe ilikuwa na upofu, kwa sababu katika hati za mwaka ule jengo lilikuwa mafanikio na kamera haikuwa na kasma yake.

Jeshi lenyewe lina visa vyake. Agosti 2007 makombora sita yenye vichwa vya nyuklia yalifungwa kimakosa kwenye ndege ya B-52 huko Minot, North Dakota, yakasafirishwa hadi Barksdale, Louisiana, na kwa takriban saa 36 hakuna aliyejua kwamba hayapo mahali pake. Hakuna uzio uliokatwa. Hakuna kihisi kilichoshindwa. Watu walikuwa wameacha kufanya ukaguzi walioandikiwa kuufanya. Baadaye ikabainika pia kwamba vifaa vya ncha za makombora ya nyuklia vilikuwa vimepelekwa Taiwan mwaka 2006 badala ya betri za helikopta, na Juni 2008 Waziri wa Ulinzi Robert Gates akawaondoa kwa pamoja Waziri wa Jeshi la Anga, Michael Wynne, na Mnadhimu Mkuu wake, Jenerali Michael Moseley. Ni nadra kuona adhabu ya uzito huo. Hata hivyo, swali la bajeti lililofaa kuulizwa lilikuwa gumu zaidi ya kufukuza watu: tangu Vita Baridi viishe, kazi ya kulinda silaha hizi ilikuwa imeacha kuwa njia ya kupandia cheo, na hakuna kasma inayoweza kununua heshima ya kazi.

Kisha kuna suala la helikopta, ambalo kwangu ni kielelezo safi cha subira isiyo na sababu. Makombora ya nyuklia ya Minuteman III, takriban 400, yamo kwenye mashimo yaliyotawanyika katika mashamba ya Montana, North Dakota, Wyoming na majimbo ya jirani. King'ora kikilia kwenye shimo lililo mbali na kambi, walinzi hupelekwa kwa helikopta. Kwa miongo mingi helikopta hizo zilikuwa UH-1N, za kizazi cha vita vya Vietnam, ambazo makamanda wenyewe walikiri kwamba hazina kasi, masafa wala uwezo wa kubeba askari unaotakiwa. Mpango wa kuzibadilisha uliahirishwa, ukafutwa, ukafufuliwa. Hatimaye Septemba 2018 kampuni ya Boeing ilipewa mkataba wenye thamani ya hadi dola bilioni 2.38 wa helikopta zisizozidi 84 za MH-139, na ya kwanza kufika Malmstrom, Montana, ilifika mwaka 2024. Katikati ya safari hiyo Jeshi la Anga lilikuwa limeshapunguza idadi iliyokusudiwa. Makombora yenyewe hayakuwahi kukosa fedha za kuboreshwa katika miaka yote hiyo; aliyesubiri alikuwa mlinzi wake.

Sitakaa sana kwenye mashambulizi yaliyobadilisha ulinzi wa kambi za kawaida, kwa kuwa yameandikwa mno. Yatosha kukumbuka kwamba tarehe 25 Juni 1996 lori lenye bomu liliegeshwa nje ya uzio wa Khobar Towers, Saudi Arabia, takriban mita 25 kutoka kwenye jengo walimolala wanajeshi, na 19 kati yao wakafa. Na kwamba tarehe 16 Septemba 2013 mtu aliyeua 12 katika kambi ya wanamaji ya Washington Navy Yard alipita langoni kwa kitambulisho halali, kwa sababu alikuwa mfanyakazi wa mkandarasi. Tukio la kwanza lilileta fedha za vizuizi na umbali. La pili lilionyesha kwamba kizuizi hakimtambui mwenye kadi sahihi. Na Desemba 2023, droni ziliporuka kwa usiku kadhaa mfululizo juu ya kambi ya Langley, Virginia, ilionekana kwamba uzio, hata ukiwa mzima na wenye kamera zinazofanya kazi, una upande mmoja ulio wazi siku zote, nao ni wa juu. Ufinyu uliojitokeza huko ulikuwa wa sheria kama ulivyokuwa wa fedha, kwani mamlaka ya kijeshi ya kuangusha droni ndani ya nchi yalikuwa yamefungwa na orodha ya majukumu maalumu yaliyotajwa na Kongresi.

Kuna wakati mmoja ambapo Marekani ililipia ulinzi wa maeneo kwa busara isiyo ya kawaida, na ilifanya hivyo katika nchi za watu. Mwaka 1991, Umoja wa Kisovyeti ulipokuwa ukisambaratika, maseneta Sam Nunn na Richard Lugar walishawishi Kongresi iruhusu hadi dola milioni 400 za bajeti ya ulinzi zitumike kulinda na kuharibu silaha za hasimu wa jana. Zikanunua uzio, makontena, magari ya reli na vifaa vya kuhesabu malighafi. Mwaka 1994, katika operesheni iliyofanywa kwa siri na serikali ya Kazakhstan, karibu kilo 600 za urani iliyorutubishwa sana ziliondolewa kwenye kiwanda cha Ust-Kamenogorsk na kupelekwa, kwa kejeli ya historia, huko huko Y-12. Kwa maoni yangu hizo ni miongoni mwa dola zilizotumika vizuri kuliko zote katika bajeti nzima ya ulinzi ya muongo ule, na wapo wabunge waliozipinga kila mwaka wakisema ni sadaka kwa adui.

Kwa sababu si kila kilo iliwahiwa, kasma ya pili inahitajika.

Sayansi jinai ya nyuklia ilizaliwa angani. Septemba 1947 Jenerali Dwight Eisenhower aliagiza jeshi la anga lichukue jukumu la kugundua milipuko ya atomiki popote duniani. Tarehe 3 Septemba 1949 ndege ya WB-29 iliyokuwa ikisafiri kutoka Misawa, Japani, kwenda Alaska ilirudi na karatasi za chujio zenye mionzi kupita kiasi cha kawaida. Wanakemia wa mionzi walipima viini vilivyogawanyika, wakahesabu kurudi nyuma, wakabaini kwamba mlipuko ulitokea siku za mwisho za Agosti; na kweli Wasovyeti walikuwa wamelipua bomu lao la kwanza tarehe 29 Agosti. Rais Truman akatangaza tarehe 23 Septemba. Wapelelezi wa Marekani walikuwa wamekadiria kwamba mwaka wenye uwezekano mkubwa zaidi ungekuwa 1953. Karatasi ya chujio iliwashinda wapelelezi wote kwa miaka minne.

Kazi hiyo inaendelea hadi leo chini ya AFTAC, kituo cha Jeshi la Anga kilichopo Florida. Korea Kaskazini ilipofanya jaribio lake la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006, sampuli za hewa zilizokusanywa tarehe 11 zilithibitisha kwamba kilikuwa kifaa cha nyuklia kweli, wala si rundo la baruti, ingawa nguvu yake haikufika kilotani moja, yaani nguvu ya tani elfu moja za baruti ya TNT. Ndege zinazofanya ukusanyaji huo zinastahili kutajwa, kwa sababu zinafanana mno na helikopta za Montana. Kwa miaka mingi zilikuwa mbili tu, na ubovu wake uliwahi kukatisha safari. Mbadala wake, WC-135R tatu, ulianza kuwasili Julai 2022. Nazo ni ndege za kujazia mafuta angani, zilizotengenezwa miaka ya 1960 na kugeuzwa matumizi.

Upande mwingine wa sayansi hii unahusu malighafi ambayo haijalipuka. Mwezi Mei 1999, kwenye mpaka wa Bulgaria na Romania karibu na Rousse, maofisa wa forodha walikuta ndani ya gari chombo kizito cha madini ya risasi kilichofichwa kwenye pampu ya hewa. Ndani ya risasi hiyo kulikuwa na nta ya manjano, na ndani ya nta kulikuwa na kichupa cha kioo chenye unga mweusi. Unga ulikuwa urani iliyorutubishwa hadi zaidi ya asilimia 70. Sampuli zilipelekwa maabara ya Lawrence Livermore, California, na huko ndipo unapoona thamani ya watu waliozeeka kwenye fani. Waliona kwamba urani ile ilikuwa na kiasi kikubwa cha isotopi ya 236 (isotopi ni aina za atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito), ambayo haipatikani kwenye madini ya kawaida, hivyo ilikuwa imepitia kwenye kinu cha nyuklia na kusafishwa upya. Wakapima mazao ya kuoza kwake, wakapata kwamba ilisafishwa kwa mara ya mwisho mwaka 1993. Hawakuishia kwenye unga. Wakachunguza nta, wakakuta rangi yake imetokana na kromati ya bariamu. Wakachunguza risasi ya chombo, ambayo isotopi zake zilielekeza mashariki mwa Ulaya. Wakachunguza hata nyuzi za karatasi iliyofungia kichupa. Kwa pamoja ushahidi ulizuia nchi nyingi zisishukiwe. Lakini mahali hasa ulipotoka unga ule hapakuwahi kuthibitishwa hadharani, kwa sababu hapakuwa na sampuli ya kulinganishia.

Hilo la sampuli ya kulinganishia ndilo linalosahauliwa na wanasiasa wanapozungumzia sayansi hii kana kwamba ni alama za vidole. Alama ya kidole husaidia ikiwa kidole chenyewe kimesajiliwa. Urani na plutoni husema mengi kuhusu zilivyotengenezwa: plutoni yenye chini ya asilimia 7 ya isotopi ya 240 ilikusudiwa silaha, na kwa kuwa isotopi ya 241 hugeuka kuwa elementi nyingine, amerisi, kwa nusu-maisha ya miaka 14.3, yaani nusu yake hugeuka ndani ya muda huo, uwiano wa hizo mbili hueleza ni lini plutoni hiyo ilisafishwa mara ya mwisho. Lakini kutoka kwenye sentensi hiyo hadi kumtaja mwenye mali kunahitajika maktaba ya sampuli ambazo nchi nyingi hazitaki kuzitoa, maana kutoa sampuli ni kueleza jinsi unavyotengeneza. Rais George W. Bush alipoionya Korea Kaskazini mwaka 2006 kwamba itawajibishwa kikamilifu ikimpa mtu mwingine silaha au malighafi ya nyuklia, onyo lile liliegemea uwezo wa maabara ambao bado ulikuwa unajengwa.

Kongresi ilijaribu kuziba pengo hilo. Sheria ya sayansi jinai ya nyuklia ilisainiwa na Rais Obama Februari 2010, ikikipa msingi wa kisheria kituo cha kitaifa kilichokuwa ndani ya Idara ya Usalama wa Ndani, na ikiagiza programu ya kusomesha wataalamu. Mwaka huo huo jopo la Vyuo vya Kitaifa vya Sayansi vya Marekani lilitoa ripoti iliyosema bila kumung'unya maneno kwamba uwezo huo uko hatarini: wafanyakazi ni wachache na wanaotegemewa sana wanakaribia kustaafu, vifaa vimechakaa, na sehemu kubwa ya ujuzi inaazimwa kutoka kwenye programu ya silaha. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Marekani ilifanya jaribio lake la mwisho la mlipuko wa nyuklia tarehe 23 Septemba 1992. Kabla ya hapo kila jaribio lilikuwa pia shule. Mkemia kijana alipewa mawe yaliyoyeyuka yakiwa bado moto kwa mionzi, akajifunza kuyasoma. Baada ya hapo, watafiti wanafanya mazoezi kwa sampuli za kuigiza na kwa vipande vya kioo kilichotokana na jaribio la Trinity la 1945, la kwanza kabisa la bomu la atomiki. Sitaki majaribio yarudi. Nataka tu ikubalike kwamba shule ile ikifungwa, nyingine hugharimu fedha za kila mwaka, bila kukatizwa, kwa miaka kumi au zaidi kwa kila mtaalamu mmoja, na kwamba hakuna rangi ya fedha katika Pentagon inayodumu miaka kumi.

Lipo pia tatizo la mlango wa kuombea. Baada ya mlipuko, FBI huongoza upelelezi, Idara ya Ulinzi hukusanya mabaki ardhini na angani, maabara za Idara ya Nishati huyachambua, na Idara ya Usalama wa Ndani nayo ilikuwa na sehemu yake hasa kwa malighafi iliyokamatwa. Kwenye Kongresi, idara hizo hupata fedha kupitia kamati ndogo tofauti za matumizi: moja ya ulinzi, moja ya nishati na maji, moja ya usalama wa ndani, na ya FBI iko kwenye ya biashara, sheria na sayansi. Mbunge anayekata dola milioni tano kwenye mojawapo haoni kwamba amekata mnyororo katikati. Ndege inaweza kukusanya sampuli ambayo maabara haina mtu wa kuipima kwa wakati, na baadhi ya isotopi muhimu hutoweka ndani ya siku chache. Mwaka 2021 uongozi wa kitaifa wa kazi hii ulihamishiwa NNSA, uamuzi ambao naona ulikuwa sahihi, kwa kuwa ndiyo yenye maabara na watu. Lakini kuhamisha uongozi hakukuhamisha fedha za idara nyingine, wala kamati ndogo hazikuungana.

Wengine husema dawa ni kuongeza jumla. Siamini. NNSA sasa hupokea zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka, na sehemu kubwa inaingia kwenye kutengeneza upya vichwa vya silaha na majengo ya kuvitengenezea. Majengo hayo mapya yatahitaji kamera, na kamera zitahitaji mafundi. Ningependelea Kongresi iige jambo moja lililozoeleka kwenye ununuzi wa ndege, ambako wizara hulazimika kueleza si bei ya kununua tu bali gharama ya kuitunza ndege hadi mwisho wa maisha yake, na idai hesabu hiyo hiyo kwa kila ghala, kila uzio na kila maabara. Ningependelea pia fedha za kusomesha wanakemia wa mionzi zitoke kwenye fungu lenye muda mrefu, hata kama ni dogo, kuliko fungu kubwa linalokufa kila tarehe 30 Septemba.

Vikao vya kamati hizo hufunguliwa kila majira ya kuchipua, na maswali mengi ya wabunge huhusu viwanda vilivyoko kwenye majimbo yao. Kama kuna msaidizi wa mbunge anayesoma haya, yapo maswali matatu ambayo hayahitaji taarifa za siri kuulizwa, ingawa huenda baadhi ya majibu yakahitaji mlango ufungwe. Kati ya vihisi na kamera zilizopo kwenye maeneo ya nyuklia, ni asilimia ngapi zilikuwa zikifanya kazi juzi, na ile iliyokaa muda mrefu zaidi ikiwa mbovu imekaa siku ngapi? Je, maabara zilizopewa kazi ya kuchambua mabaki ya mlipuko zina wanakemia wa mionzi wangapi walio chini ya miaka 40, na wangapi kati yao waliwahi kufanya kazi bega kwa bega na mtu aliyechambua jaribio halisi? Na ombi la mwaka huu likikatwa kwa asilimia kumi, ni nani atakayeamua kinachoachwa: mwenye kununua, au mwenye kutengeneza?